Shekeli ya Tiro: sarafu ya Kigiriki inayokutajia mwaka wake

Haya wadau karibuni, leo mezani tuna shekeli ya Tiro, fedha, gramu kama 14 hivi, mji wenyewe uko Lebanon ya leo, na wasomi wengi wanasema vile vipande thelathini vya Yuda vilikuwa hizi hizi. Ila mimi nimeileta kwa ajili ya maandishi yake, maana hii sarafu inakutajia mwaka wake yenyewe, na za Kigiriki zinazofanya hivyo ni chache jamani.

Mbele kuna kichwa cha Melqart, mungu wao, kazi safi sana, lakini sura ile ile imepigwa miaka na miaka kwa hiyo umri hupati hapo. Geuza sasa. Tai kasimama kwenye omo ya meli, pembeni imezungushwa ΤΥΡΟΥ ΙΕΡΑΣ ΚΑΙ ΑΣΥΛΟΥ, ya Tiro, mji mtakatifu usioguswa. Cheki kushoto kwa tai, hapo penye rungu, unaona ΡΙΔ? Wagiriki walihesabu kwa herufi, hiyo inayofanana na P yetu ni 100, Ι ni 10, Δ ni 4, jumla mwaka wa 114. Tiro walianza kuhesabu 126 KK walipopata uhuru wao, huo ndio mwaka wao wa 1, so chukua 127 toa 114 unabaki na 13, basi ni 13 KK kuingia 12. Raha iliyoje!

Halafu kulia kuna ΚΡ, hapo watu wengi wanateleza, wanasoma 120 kwa sababu kwa namba kweli ni 120, lakini hizo herufi zilianza kuwekwa karibu 18 KK na zikaendelea kukaa hapo mwaka hadi mwaka. Tarehe iko kwenye rungu, basi.

Na kuna tai mwingine kwenye sarafu ya Tiro hiyo hiyo, yeye ni wa zamani zaidi, ameandikwa ΔΗΜΗΤΡΙΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, ya mfalme Demetrios. Ukimpigia hesabu ya 127 umepotea kabisa, wafalme wale, wa ukoo wa Seleuko waliotawala Siria, walihesabu kuanzia 312 KK, kwa hiyo yeye unatoa kwenye 313, mwaka wa 170 unakuwa 143 KK. Soma jina kwanza, namba baadaye.

Ukilinganisha na ya mfalme Alexander Mkuu, ile yenye ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, aisee ile ni nzuri ila kwa anayeanza siishauri. Jamaa kafa 323 KK na miji imeendelea kupiga sarafu kwa jina lake zaidi ya miaka 200, jina peke yake halikusaidii, itabidi uingie kwenye alama ndogo ndogo za karakana na hiyo ni shule nyingine.

Kwa hiyo mimi nasema anza na Tiro. Muuzaji akikutumia picha ya kichwa tu mwambie akupigie upande wa tai, karibu kabisa, rungu na herufi zionekane zote, na kama hapo pamesagika bei ishuke.