Boti ya Mtumba Ziwa Nyasa: Gonga Ubao wa Nyuma Kabla ya Kuhesabu Pesa

Ndugu watazamaji, karibuni Matema, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako leo nimesimama maji yakinifika magotini kando ya boti niliyoahidi kuichambua. Wengi mmeniuliza kwa nini video hii imechelewa. Jibu liko nyuma ya boti yenyewe, nalo limenikera kiasi kwamba nimerekodi utangulizi huu mara tatu ili niweze kuzungumza kwa adabu.

Sitawachosha kwa vipimo. Hii ni boti ya faiba ya futi 15, yenye injini ya nguvu za farasi 15 ya aina ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, na bila shaka mmekwisha kuziona nyingi kwa wavuvi. Ninachotaka mkitazame ni kipande hiki cha nyuma kinachobeba injini. Watu wa pwani upande huu huuita tezi; sisi tuliokulia Mbeya mjini tuuite ubao wa nyuma, tutaelewana. Kwa macho unaonekana ni faiba tupu, nyeupe na imara, lakini katikati ya matabaka mawili ya faiba kuna plaiwudi, na plaiwudi hiyo ndiyo inayostahimili uzito na msukumo wote wa injini. Aliyefunga injini ya kwanza alitoboa matundu ya bolti bila kuyaziba kwa gundi ya kuzuia maji, basi maji yakaingia kidogo kidogo, yakakosa pa kutokea, na mbao ikaoza ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Sasa sikilizeni kwa makini, na mwenye spika za masikioni azivae. Nimeshika nyundo ndogo yenye mpini wa mbao, nami nitagonga kwa mpini, si kwa chuma. Hapa pembeni, juu kabisa: ko, ko, ko. Huo ni mlio mkavu, unarudi haraka, mkono unahisi ugumu. Huu ni ubao wangu mpya. Kipande cha zamani nilichokikata nimekihifadhi kwa ajili yenu. Nakigonga kwa namna ile ile: pwa, pwa. Mlio unazama, haurudi. Wale mnaokwenda soko la Lyulilo kununua vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ikombe mnalijua jambo hili tangu utotoni, kwa kuwa hakuna mama anayelipia chungu kabla ya kukigonga kwa kidole na kusikiliza kama kina ufa. Mimi, niliyebeba vyungu hivyo mara nyingi, nilinunua boti ya mamilioni bila kuigonga hata mara moja.

Jaribio la pili linahitaji nguvu kidogo. Inueni injini juu kama mnavyoona, kisha shikeni sehemu yake ya chini, karibu na propela, mwikandamize taratibu huku mwenzenu akitazama ubao unapokutana na sakafu ya boti. Ubao usiooza hautikisiki. Wangu wa zamani ulipinda kama mlango wa banda la kuku, nasi tukauona mpasuko mwembamba ukifunguka na kufunga. Muuzaji akikubali, fungueni bolti moja ya chini: ikitoka na maji ya kahawia au unga uliolowa, mazungumzo ya bei yaanze upya, au mmsikitishe kwa kuondoka.

Nisimlaumu sana dalali wa Dar es Salaam aliyeniuzia, kwani alinipigia picha kila upande niliouomba, na kosa la kutoomba upande huu ni langu. Nilinunua kwa shilingi 6,500,000, nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Kuisafirisha, kupita Mikumi na kupanda Kitonga hadi kufika huku, kukala 1,200,000. Kukata faiba ya ndani, kuchimbua uozo, kukausha, kubandika plaiwudi mpya kwa epoksi na kufunika tena kukala 1,800,000, na wiki nyingi, kwa sababu Kyela mvua hainyeshi kwa ratiba ya fundi. Jumlisheni wenyewe: 9,500,000. Kwa fedha hizo ningepata boti ya mbao mpya iliyotengenezwa papa hapa ziwani, na jirani yangu mmoja hachoki kunikumbusha. Boti ya mbao, hata hivyo, ni nzito, na kila mwaka inadai kuzibwa upya. Kwa mtu anayekuja Jumamosi kuvua kwa mshipi na kutembeza familia, bado naipendelea faiba. Katika utangulizi wa kwanza, ambao nimeufuta, nilisema kwa hasira kwamba nisingeinunua tena. Ningeinunua, lakini kwa 4,500,000.

Kuhusu injini nitasema machache. Niliijaribu kwenye pipa la maji nyumbani Mbeya, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, ikakohoa na kutoa moshi mwingi. Hapa Matema, chini ya mita 500, imetulia, kwa kuwa hewa nzito inaendana zaidi na namna kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilivyosetiwa. Kwa hiyo msiihukumu injini ya boti mkiwa mlimani. Chombo kikitoka baharini, tazameni kama ule mchirizi mdogo wa maji unatoka kwa nguvu ubavuni mwa injini, maana chumvi huganda kwenye njia za kupoozea, na mpira wa pampu ya maji uliochakaa ni wa bei ndogo kuliko injini iliyoungua. Jaketi okozi ziwepo kwa kila abiria, na masuala ya ukaguzi na leseni mwulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla ya kulipa, si baada.

Mtaniwia radhi kwa sauti inayovuma. Kipaza sauti kipya nitakinunua video hizi zikianza kulipa. Huo ni mwera unaanza. Miezi hii ya kipupwe upepo wa kusini hulipiga ziwa kwa urefu wake wote, na mawimbi yote huishia kwetu huku kaskazini, chini ya Milima ya Livingstone. Wavuvi wawili wamekwisha kuvuta mitumbwi yao mchangani, na mmoja ananionyesha kwa mkono nifanye hivyo hivyo. Nazima kamera, tuivute.