Jiliwa au klampu ya G?

Fundi anayefungua karakana pale Ndeeba, Kampala, akiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, huuliza swali hili: anunue jiliwa, yaani kibano cha taya mbili kinachofungwa kwenye benchi, au klampu ya G, fremu ya chuma yenye umbo la G na skrubu ya kubania? Mimi ningeanza na klampu, tena mbili. Moja peke yake huacha ubao uzunguke kama pia.

Jiliwa hushinda kwenye randa. Ubao ukisimamishwa kwa ubavu katikati ya taya zake, ukingo wote wa juu uko wazi, randa inapita bila kugonga chuma. Klampu ya G hapo ni kero: kichwa chake kimekaa palepale unapotaka kupita. Ila jiliwa lina ujanja wake. Ukibana mti upande mmoja wa taya, upande wa pili hujikunja na mti unalegea. Weka kipande cha unene uleule upande ule mtupu.

Kwa patasi, mambo yanageuka. Ukichimba tundu la ulimi, yaani shimo la kuingizia ncha ya ubao mwingine, kwenye mguu wa mvule, kila pigo la nyundo huusukuma mti chini ndani ya jiliwa. Ulaze juu ya benchi, hasa juu ya mguu wa benchi wenyewe ambapo hakuna mtikisiko, kisha ufunge kwa klampu. Mvule hauumii sana, lakini msonobari huachwa na alama ya duara ya chuma, kwa hiyo tanguliza kibao chakavu.

Na klampu unaibeba kwenye boda ukiitwa kwa mteja. Jiliwa hubaki limefungwa kwenye benchi.