Kuku yupi atakufikisha jioni? Migahawa ya chakula cha haraka Nairobi kwa anayepunguza uzito

Anayepunguza uzito mara nyingi huanguka saa kumi jioni, wakati tumbo linanguruma ilhali alikula saa saba. Ndiyo maana migahawa hii tumeipanga kwa swali moja: ukitumia kalori 500 au 600 hapo, utafika chakula cha usiku bila kuhangaika? Ladha tumeiacha kwa kila mtu na ulimi wake.

Tuanze na chipsi, maana ndizo zinazoharibu hesabu kila mahali. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wakiongozwa na Susanna Holt waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, kisha wakapima shibe yao kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 za shibe, uwe kipimo cha vingine. Viazi vya kuchemsha vilipata 323 na kushinda vyakula vyote. Chipsi zilipata 116. Kiazi ni kilekile, ila kikiingia kwenye karai maji yake hutoka kwa mvuke na mafuta hushika nafasi. Gramu 200 za viazi vya kuchemsha zina kalori 175 hivi. Gramu 200 za chipsi hupita 600. Yaani sahani ya chipsi peke yake imemaliza mlo wako kabla hujagusa kuku. Chipsi mayai za Dar es Salaam ni mbaya zaidi kwa hesabu hii: ongeza mayai mawili (150) na kijiko kikubwa cha mafuta (120), unakaribia 900.

Sasa orodha.

Nafasi ya kwanza ni Galito's, chapa iliyoanzia Nelspruit, Afrika Kusini. Sababu ni jiko: kuku wao huchomwa kwenye moto, hazamishwi kwenye mafuta. Gramu 100 za kidari cha kuku wa kuokwa bila ngozi zina kalori 165 na protini gramu 31 hivi. Kidari hichohicho kikivikwa unga na kukaangwa na ngozi yake hufika 260. Agiza robo kuku, uombe kidari badala ya paja, na useme mapema, kabla oda haijaingizwa kwenye mashine, kwamba hutaki chipsi. Uliza bei ya kuku mtupu. Ukikuta seti yenye chipsi inakaribiana nayo, usidanganyike kwamba umepata faida, kwa sababu chipsi zikishafika mezani zitaliwa. Pilipili haina shida. Shida iko kwenye michuzi ya mayonezi na saladi ya kabichi iliyochanganywa nayo: kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi ni kalori 90 hadi 100. Kachumbari ikipatikana, chukua nyingi kadiri wanavyokupa.

Java House inafuata. Ilianza Nairobi mwaka 1999 kama nyumba ya kahawa, na ubora wake kwa mtu wa dayati ni upana wa menyu: unaweza kupata mayai, saladi yenye kuku, nyama ya kuchoma. Kukaa mezani nako kunasaidia, kwa kuwa tumbo huchukua kama dakika 20 kuutaarifu ubongo kwamba limepokea chakula, na anayekula amesimama humaliza kabla ya hapo. Lakini hapa hatari iko kwenye kikombe. Kahawa nyeusi haifiki kalori 5. Kahawa yenye mililita 300 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta inakaribia 190, na ukitia vijiko viwili vya sukari imepita 200. Maziwa yaliyochanganywa na aiskrimu ni mlo mzima unaonywewa kwa mrija. Juisi pia iache, ule chungwa lenyewe. Katika jaribio lile la Sydney machungwa yalipata 202.

KFC tunaiweka ya tatu, na pengo kati yake na wawili hao ni kubwa. Kuku wake ana protini ya kutosha, ila lile ganda la unga linafyonza mafuta. Namna ya kula hapo bila kujiumiza: nunua vipande viwili peke yake, toa ganda na ngozi kwenye kipande kimoja, kingine ukile kama kilivyo. Anayetoa ganda lote siku ya kwanza hushindwa kurudia siku ya pili, lakini kutoa nusu kunavumilika. Soda iachwe kabisa. Chupa ya mililita 500 ya Coca-Cola ina sukari gramu 53, kalori 210, na haizuii njaa hata kwa nusu saa. Wanaoona haya kuomba chipsi zibadilishwe wakumbuke Januari 2022, viazi vya KFC Kenya vilivyoagizwa ng'ambo vilipochelewa baharini: wateja walipewa vitu vingine badala ya chipsi, na maduka yaliendelea kuuza. Kubadilisha kunawezekana. Omba.

Chicken Inn, iliyotoka Zimbabwe, ina kuku wa kukaanga vilevile, na yote tuliyosema juu ya KFC yanaihusu. Tunaishusha nafasi moja kwa sababu ya ujirani: mara nyingi iko ukumbi mmoja na Pizza Inn na Creamy Inn, na mtu mwenye njaa akisimama kwenye foleni akitazama aiskrimu, uamuzi wake unalegea. Amua utakachoagiza kabla ya kuvuka mlango.

Pizza Inn ni ya mwisho. Gramu 100 za pizza ya jibini zina kalori 270 hivi, na hakuna anayeishia kipande kimoja, hasa kukiwa na ofa ya kununua moja na kupewa ya pili. Ukialikwa, kula kwanza sahani ya saladi au bakuli la supu, kisha vipande viwili, halafu ondoka mezani.

Tuseme pia jambo ambalo halina bango wala taa: kibanda kizuri kinaishinda orodha yote hii. Samaki wa mchuzi, sukuma wiki na ugali wa ukubwa wa ngumi, au githeri yenye maharage mengi kuliko mahindi, vitakushikilia kwa muda mrefu. Angalia tu mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, na uombe nyama itolewe bila kumiminiwa mchuzi wote.

Njaa yenyewe inataka mpango. Homoni ya njaa, ghrelini, hupanda kwenye saa ulizozoea kula na hushuka baadaye hata usipokula, kwa hiyo njaa ya saa kumi mara nyingi hupoa ukinywa glasi mbili za maji na kusubiri nusu saa. Isipopoa, kula mayai mawili ya kuchemsha ya barabarani, yale yanayopasuliwa na kujazwa kachumbari: kalori 150, protini gramu 12. Njugu ni nzuri, lakini gramu 30 tu ni kalori 170, na pakiti haiishii hapo. Kosa kubwa tunaloliona ni kuruka kifungua kinywa na chakula cha mchana ili "kuokoa" kalori. Saa mbili usiku mtu huyo huagiza seti ya familia. Punguza kalori 500 kwa siku, usizidi.

Kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuona kizunguzungu si njaa ya kuvumilia. Kula mara moja. Anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari asipunguze mlo wowote kabla ya kuongea na daktari wake, na mjamzito vivyo hivyo.