Vitabu vya kuanza navyo nyumbani, kwa sisi tulio Kigoma

Nyumbani kwetu Ujiji kitabu hakina mwenyewe. Binti wa darasa la sita anakianza, mdogo wake anakisikiliza tu maana bado anaunga silabi, bibi yao anadai kusimuliwa jioni, na mimi nakimalizia usiku taa ya sola ikiwa bado ina nguvu. Kwa hiyo jirani aliponiomba nimpangie vitabu vya kuanzia, sikuangalia umaarufu wa mwandishi wala unene wa kitabu. Nilijiuliza jambo moja tu: kabla hakijachakaa, kitapita mikono mingapi?

Vitabu vya kiada sivihesabu. Shule inavyo, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, mwenye simu janja anavisoma. Vitabu vya dini navyo kila nyumba inajua vinakopatikana.

1. Hekaya za kusomeana

Nafasi ya kwanza naipa hadithi fupi za kusoma kwa sauti, na kati ya hizo naanza na Hekaya za Abunuwasi. Sababu ni ya kimatumizi. Hadithi moja inakwisha kabla mtoto hajasinzia, asiyejua kusoma anafaidi sawa na anayejua, na ukiirudia haichoshi. Ile ya sufuria iliyozaa nimeisoma hadi nimeikariri, lakini mama yangu bado anacheka pale mwenye sufuria anapoambiwa kwamba safari hii sufuria yake imekufa. Kama aliamini ilizaa, kwa nini asiamini imekufa? Hapo mjadala huanza mkekani, na kitabu kimeshalipa gharama yake.

Baada ya Abunuwasi nunua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Ni chembamba na bei yake si ya kutisha. Mfalme Rai anataka kujua kwa nini mtu muungwana kama Adili huwachapa manyani wawili kila usiku. Mtoto akishalisikia swali hilo hakubali ulale. Kiswahili chake ni kizito, sentensi zinatembea kwa maringo, kwa hiyo mzazi apitie kurasa za jioni ile mapema ili asikwame mbele ya watu. Mimi nilikwama, nikachekwa.

Kwa anayeunga silabi kama mwanangu wa pili, tafuta vile vitabu vyembamba vya picha vyenye mistari michache kwa kila ukurasa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vingi vya aina hiyo hapa nchini. Kimoja ni bei ya soda kadhaa, basi usinunue kimoja, nunua vitano vya hadithi tofauti. Na usimchagulie mtoto kwa jalada. Mpe asome ukurasa mmoja palepale dukani. Akiusoma wote bila kigugumizi, ni chepesi mno. Akikwama kila mstari, kisubiri mwaka ujao. Muuza duka akinuna, mwache anune.

2. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili

Najua wapo watakaoshangaa kamusi kuitangulia riwaya. Huku kwetu mtoto anaongea Kiha na bibi, Kiswahili cha mtaani na wenzake, kisha anaulizwa na mwalimu maana ya neno ambalo hata baba yake analitumia kwa kubahatisha. Kamusi ndiyo inayokatisha ubishi. Haisomwi ikaisha, na hata mtoto wa mwisho akimaliza shule bado itatumika.

Zipo mbili za kufikiria. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza 1981, na toleo la tatu ni la 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ilizinduliwa 2017, nayo ni kubwa zaidi na ghali zaidi. Kama mkubwa wa nyumba yuko msingi au sekondari ya chini, chukua Sanifu, toleo la tatu. Nyumba yenye mwalimu, mwandishi, au kijana anayelenga kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa Kiswahili, jichange uchukue Kamusi Kuu. Kununua zote mbili kwa mpigo ni fahari tu.

Kuna kosa linalowarudisha watu dukani na lawama: wanatafuta "kusoma" kwenye K wakidhani kamusi ni mbovu. Kitenzi huandikwa bila ile ku- ya mwanzo, utaona "soma". Nomino iko katika umoja, kwa hiyo "vitabu" utavikuta kwenye "kitabu". Mfundishe mtoto siku ya kwanza na umwonyeshe vifupisho vya mwanzoni, nm ni nomino na kt ni kitenzi, la sivyo itageuka kigingi cha kuzuia mlango.

Tena, hakikisha ni ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ya Kiingereza na Kiswahili ina kazi yake, lakini wachuuzi huzichanganya, na ukifika nayo nyumbani mtoto wa darasa la nne haimsaidii kitu kwenye ushairi.

3. Riwaya za wakubwa

Hapa mikono inapungua, maana si kila riwaya ni ya mtoto, ila utamu unaongezeka. Kwa mtu wa Kigoma naanza na Ben Mtobwa. Ni mwenzetu, mzaliwa wa mkoa huu, na mpelelezi wake wa riwayani, Joram Kiango, aliwahi kuwakosesha usingizi watu wengi nchini. Mtu asiyependa kusoma mpe Mtobwa kwanza. Ni kitabu cha kusafiria, kile unachokifungua treni ikitoka Kigoma na kukifunga ukiwa Tabora hujui umepitaje Kaliua.

Nakala yangu ya kwanza ya riwaya ya kipelelezi niliinunua kwa mchuuzi mmoja sokoni bila kuipekua. Nilipofika ukurasa wa 48 nikakuta wa 33 tena. Kurasa 16 zilikuwa zimefungwa mara mbili, na zile za 49 hadi 64 hazikuwemo kabisa. Vitabu huchapwa kwa makunjo, mara nyingi ya kurasa 16, na fundi akikosea kunjo moja unapoteza sura nzima. Siku hizi kabla sijatoa hela naangalia namba za kurasa kwa kurukaruka, 16, 32, 48, 64, nikiendelea hivyo hadi mwisho. Ni dakika mbili. Muuaji wa riwaya ile sijamjua hadi leo.

Euphrase Kezilahabi naye asikose, ila ujue unachonunua. Rosa Mistika ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kuruhusiwa. Isome wewe kwanza, kisha umpe binti aliyeko sekondari mkazungumze. Kuificha hakusaidii, ataikuta kwa mwenzake.

Mwenye subira na mapenzi ya maisha ya kale ya Kanda ya Ziwa, atafute Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mzee yule wa Ukerewe alikiandika kwanza kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, kisha akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapishwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Uvuvi, ndoa, dawa, kilimo, ugumba na masimango ya ndugu, vyote vimo. Ni kirefu kweli. Kwetu mama ndiye aliyekipenda kuliko wote. Alikuwa ananikatiza kila ukurasa kunieleza Waha walifanyaje.

4. Vitabu vinavyotaja mahali petu

Ningependa kundi hili liwe juu. Limeshuka kwa sababu vingi ni vya Kiingereza au ni adimu, na kitabu usichokipata hakipiti mkono wowote.

Kinachopatikana, na kwa Kiswahili kizuri, ni Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel 2021. Tafsiri ni ya Ida Hadjivayanis na imechapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, anasafiri na msafara kutoka pwani kwenda bara. Ukiwa Ujiji au Tabora huisomi kama hadithi ya mbali, maana njia za misafara ziliishia milangoni petu. Si ya watoto.

Nyumba yenye kijana anayemudu Kiingereza, vitabu vya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ni uwekezaji mzuri. Alifika Gombe, hapa mkoani kwetu, Julai 1960, akamwona sokwe akichovya bua la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Wataalamu wa ulimwengu walishtuka kwamba mnyama anatumia zana. Nilipomsimulia mwanangu alishangaa wao kushangaa, kwani hata sisi kumbikumbi tunawatega. Chagua vyenye picha, hata asiyejua Kiingereza atavifungua.

5. Ensaiklopidia za mtumba

Hivi ni vile vitabu vikubwa vya picha kutoka Ulaya na Marekani, vya sayari, wanyama na mwili wa binadamu. Watoto wanavipenda na bei yake huwa ya kupatana. Tatizo ni umri. Kabla ya kununua fungua ramani ya Afrika, angalia ng'ambo ya ziwa letu. Ukikuta pameandikwa Zaire, hicho ni cha kabla ya 1997. Ukikuta Sudan moja isiyo na Sudan Kusini, ni cha kabla ya 2011. Pluto ikihesabiwa sayari ya tisa, ni cha kabla ya 2006. Picha za moyo na mapafu hazichakai, kwa hiyo cha Zaire naweza kukichukua kwa bei ya kutupa, lakini si kwa bei aliyoanza nayo muuzaji.

6. Vitabu vya hamasa

Vya kuwa tajiri, kuamka alfajiri, kubadili mawazo. Vimejaa kila steshenari kuliko hadithi za watoto. Ukisoma kimoja umesoma vingi, na sijaona mtu akimwazima mwenzake mara ya pili. Kimoja kinatosha, tena cha kuazima.

Kuhusu kuvipata: anza Maktaba ya Mkoa. Azima kitabu kabla hujakinunua. Watoto wakikigombania ndipo ukakitafute nakala yako. Kisichopatikana mjini kinaagizwa Dar es Salaam, na mzigo wa basi hulipiwa karibu sawa, uwe na kitabu kimoja au kumi. Sisi tuko nyumba nne, tunaandika orodha moja na mmoja wetu anaagiza. Mwombe muuzaji akutumie picha ya jalada la nyuma na ya ukurasa wa hakimiliki. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, yenye 9976 au 9987 baada ya 978 ni ya mchapishaji aliyesajiliwa Tanzania, 9966 ni ya Kenya. Nakala ya wizi mara nyingi huwa na maandishi yaliyofifia, pembe zisizolingana, na jalada lililopigwa picha kutoka jalada jingine. Ukiweza kuchagua, chukua kilichoshonwa uzi. Kilichogandishwa kwa gundi tupu, joto la huku likikipata kwenye dirisha, kinaanza kuacha kurasa kama mti unaopukutisha majani.

Na kikifika, kivike jalada la nailoni siku hiyohiyo. Adili na Nduguze chetu kina doa la mawese ukurasa wa tisa, mviringo kama sarafu, na kila mmoja nyumbani anasema si yeye.