Uzi wa akriliki au wa pamba? Uchambuzi wa blanketi la mistari lenye matamvua yake lenyewe

Ndugu watazamaji, assalaam alaykum, nanyi mnaoitazama video hii kutoka mbali, karibuni Mtwara. Juu ya meza yangu yapo mablanketi mawili ya kroshia, yote ya mistari na yote yenye matamvua pande mbili, na tofauti yake ni uzi tu: hili la bluu na nyeupe ni la akriliki, na hili la nyekundu na nyeupe ni la pamba. Nimeyafuma ili nijibu swali ambalo wateja wangu huniuliza kila kusi inapoanza kuvuma, yaani uzi upi unastahili fedha yao. Majina ya watengenezaji sitayataja, kwa kuwa madukani kwetu nembo hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, lakini tabia ya akriliki na tabia ya pamba hazibadiliki.

Kabla sijauhukumu uzi, sina budi kueleza matamvua haya, kwa sababu ndiyo yanayoujaribu uzi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukitazama kikoi, utaona kwamba matamvua yake hayakushonewa baadaye. Ni ncha za nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zilizoachwa pale mshindio, yaani uzi unaozikata kwa upana, ulipoishia, kisha zikasokotwa. Kroshia haina mtande wala mshindio, bali ni kitanzi ndani ya kitanzi, na ndiyo maana wengi wetu tumezoea kumaliza blanketi kwanza, halafu tunakata vipande vya uzi na kuvifunga pembezoni kimoja kimoja. Katika njia niliyoitumia hapa, kila safu huanza na uzi mpya ulioachiwa mkia wa sentimita 15, na huishia kwa kukata mkia wa urefu uleule, kwa hiyo kadiri safu zinavyojipanga, mikia nayo hujipanga kama mtande wa kikoi. Safu zenyewe nimezifuma kwa kufuata urefu wa blanketi, si upana, ili matamvua yaangukie kichwani na miguuni. Kwa mpenda mistari faida yake ni kubwa, kwani anaweza kubadilisha rangi katika kila safu bila kubaki na ncha za kuficha kwa sindano, kazi ambayo mimi binafsi naichukia kuliko kupara samaki.

Wapo watakaosema kwamba uzi unapotea bure. Hebu tupige hesabu: blanketi hili lina safu 100, maana yake lina ncha 200, na ncha 200 za sentimita 15 ni mita 30 kwa jumla, wakati bonge moja tu la akriliki nililonunua, la gramu 100, limeandikwa mita 200.

Sasa nije kwenye kingo, na hapa nitakaa kidogo. Blanketi la kroshia lenye kingo zilizojipinda kama ghuba ya Mikindani mara nyingi limeharibiwa na ule mnyororo wa kugeuzia. Mfumaji akifika mwisho wa safu hupanda juu kwa mnyororo mmoja au miwili, bila kuamua kama mnyororo huo ni mshono wa kuhesabiwa au si mshono, na matokeo yake ni kwamba katika safu moja anauruka na katika safu nyingine anaufuma, mpaka blanketi lililoanza na upana mzuri linaelekea kuwa na pembe tatu. Unapokata uzi kila safu, mnyororo huo hauhitajiki tena: unaweka kitanzi cha kuanzia juu ya sindano ya kroshia, unaichomeka sindano katika mshono wa kwanza kabisa, na unamalizia katika mshono wa mwisho kabisa. Kuhesabu, hata hivyo, hakukwepeki. Langu lina mishono 180, nami nilichomeka pini kila baada ya mishono 20, ili nikikosea nifumue kipande badala ya safu nzima.

Kuna jambo nililojifunza kwa hasara. Kwa kuwa uzi umekwisha kukatwa, mkono unashawishika kurudi upande uleule na kufuma safu zote kutoka kulia kwenda kushoto, nami nilifanya hivyo. Mshono wa kroshia haukai wima kabisa juu ya mshono wa chini yake, bali huegemea kidogo, na safu zote zikiegemea upande mmoja, blanketi zima linakwenda mshazari. Nilifumua safu 30 usiku mmoja. Tangu hapo naigeuza kazi kila safu, ingawa uzi umekatwa, na maegemeo hayo yanafutana yenyewe. Tena, mnyororo wa msingi niliufuma kwa sindano ya milimita 6 na mishono kwa sindano ya milimita 5, kwa sababu msingi uliokazwa huuvuta ukingo wa kwanza ukajikunja.

Tukirudi kwenye uzi, akriliki ni nyepesi na hukauka haraka hata katika hewa yetu yenye unyevu. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba mkono ukitoka jasho, uzi huu hukwama juu ya sindano, na kwa joto la mchana wa Mtwara nililazimika kufuma alfajiri. Kasoro ya pili inaonekana kwenye matamvua, ambayo baada ya kufuliwa mara tatu yameanza kufumka na kutoa manyoya; nimeyafunga mawili mawili kwa fundo maradufu, na hapo ndipo yalipotulia. Pasi isiliguse kabisa, kwa kuwa akriliki huyeyuka.

Uzi wa pamba niliununua kwa bei iliyokaribia mara mbili, na kwa matamvua unastahili, maana yananing'inia yamenyooka kama ya kikoi hasa. Lakini blanketi la pamba likilowa ni zito, na ukilitundika kwenye kamba linarefuka na kuziharibu kingo ulizozihangaikia, kwa hiyo mimi hulianika juu ya mkeka. Lililoniudhi ni huu uzi mwekundu, ambao ulichuja rangi katika ufuaji wa kwanza, na mistari myeupe ikageuka kama mnavyoiona. Kosa langu ni kutolowesha kipande cha uzi na kukikandamiza juu ya kitambaa cheupe kabla ya kuanza, jambo la dakika chache tu.

Kwa anayeishi huku pwani, ambako hata Julai shuka hutosha usiku mwingi, ningemshauri pamba, mradi ameijaribu rangi. Kwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako baridi na ukungu si mambo ya mzaha, akriliki inatosha na mgongo wa mbebaji hautalalamika. Hili la bluu linapanda basi kwenda huko Ijumaa, kwa dada aliyeliagiza; hili lenye mistari ya waridi nisiyoikusudia litabaki kitandani kwangu.