Muziki wa dereva asiye na gari lake

Leo napewa Fuso la mbao kutoka Mafinga, kesho Canter ya viazi Njombe, wiki ijayo trekta. Kufunga redio ya maana kwenye gari la bosi ni kumpa zawadi, kwa hiyo muziki wangu natembea nao.

Kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kinachorusha nyimbo kwenye redio, ni kizuri ila kina masharti. Redio nyingi zilizokuja na gari kutoka Japani zinaishia 90 FM, na chenyewe kinaanzia 87.5. Nafasi finyu! Ukikaribia mji, stesheni inakufunika, inabaki mikwaruzo. Hakikisha pia kimeandikwa 12–24V, maana Fuso ni volti 24. Cha volti 12 pekee kinaweza kuungua.

Ninayoipenda mimi ni spika ndogo ya Bluetooth yenye tundu la memori kadi. Mtandao ukipotea mlimani, taarabu haikatiki. Kwenye Canter naifunga juu ya dashibodi kwa mpira wa tyubu isiruke kwenye matuta. Kwenye trekta, mh, injini inaimeza kabisa. Hata hivyo hedifoni sivai: honi ya wa nyuma lazima niisikie.