TAHADHARI: kuna jamaa Nairobi anauza fremu za "Kiitaliano" ambazo ni stika tu, msitume pesa

Wadau wa baiskeli za chuma, naomba msome hii kabla mtu mwingine hajaliwa. Kuna jamaa anauza fremu za zamani za Kiitaliano hapa Nairobi, leo ni Colnago, wiki ijayo De Rosa, siku ingine Cinelli, na zile za kwake nimeshika kwa mkono na kuzipima si za Kiitaliano ata kidogo, ni fremu za mtumba za kawaida amepiga rangi upya akabandika stika. Na kuna kijana mwingine alituma dipositi ya gurudumu za Campagnolo, wale watengenezaji wa vipuri wa Italia, mpaka leo hajaona ata spoki, namba ya jamaa haishikiki.

Hana duka, hana karakana, na jina kwenye akaunti hubadilika, lakini mtindo ni uleule. Picha zake ni safi kupita kiasi, baiskeli imeegemezwa ukuta mweupe, upande wa gea unaangalia kamera, kila kitu kinang'aa. Angalieni huo ukuta. Kwenye tangazo la Colnago kulikuwa na soketi ya stima nyuma ya gurudumu, matundu matatu ya duara yamepangwa mstari mmoja, na hiyo ni soketi ya Italia, sisi huku plagi zetu ni zile za miguu mitatu ya mraba kama za Uingereza. Kwa hivyo hiyo picha haikupigwa Kasarani vile anadai, ameitoa kwa mtu huko mbali. Ukimwambia akupigie picha ingine, fremu ikiwa na karatasi kando imeandikwa tarehe ya leo, hapo stori zinaanza, kamera ya simu imeharibika, baiskeli iko stoo kwa binamu, yeye mwenyewe yuko Mombasa anatoa kontena. Na saa hiyohiyo anakuharakisha, kuna mtu wa Karen anaitaka, tuma elfu kumi nikushikilie, weka na ya kutolea.

Akikubali kukutana ni saa moja usiku, kwa petroli stesheni, giza limeingia na yeye ako na haraka. Huwezi kuona kitu kwa taa za pale. Ndivyo rafiki yangu alivyolipa 65,000 akidhani amepata Colnago Master, pesa ya kujinyima, kijana anauza kava za simu mjini na amekuwa akiitamani hiyo baiskeli tangu tuanze kuendesha naye. Alipoileta nikaigeuza juu chini nikaanza kuangalia, na kusema ukweli roho iliniuma kwa niaba yake.

Tangazo lilisema hiyo ni modeli ileile Eddy Merckx, yule bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alivunjia rekodi Mexico. Uongo unaanzia hapo. Merckx aliweka rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi kwa saa moja, Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431, na ni kweli Ernesto Colnago ndiye alimtengenezea baiskeli, lakini ilikuwa ya uwanja wa mashindano, haina breki, haina gea za kubadilisha. Master ilikuja 1983. Na Master iko na kitu ambacho stika haiwezi kuiga, mabomba yake si duara kamili, yamebanwa yakawa na mifereji inayokimbia kwa urefu, ukiyakata na kuyaangalia kwa ncha ni kama nyota, ata usiku wa petroli stesheni ukipitisha vidole kwenye bomba la juu unaisikia. Ya rafiki yangu ilikuwa laini kama bomba la maji kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ile alama ya Colnago ya maua ya karata ilikuwa stika juu ya stika, na ukiikwaruza na kucha inatoka.

Tukatoa sitiposti, lile bomba linaloshika kiti. Fremu nyingi za mashindano zilizojengwa na mabomba ya Columbus SL, yale ya chuma chembamba cha Kiitaliano, zinachukua sitiposti ya milimita 27.2, kwa sababu ukuta wa bomba ni mwembamba na nafasi ya ndani inabaki kubwa. Hii ilichukua 25.4. Maana yake bomba ni nene, chuma cha kawaida cha baiskeli ya bei rahisi, na ndiyo maana fremu ilikuwa nzito vile ukiinua. Sina shida na fremu ya bei rahisi, nimeendesha nyingi na zinafika Limuru vizuri tu, shida ni kuuziwa hiyo kwa bei ya Colnago.

Alafu BB, ile sehemu ya chini ya fremu inayobeba ekseli ya pedali. Kipimo cha Kiitaliano ni upana wa milimita 70 na nyuzi za 36 kwa 24 (kipenyo milimita 36, nyuzi 24 kwa inchi), pande zote mbili zinafunguka kwa kawaida, yaani kushoto ndio kulegeza. Kile cha Kiingereza ni upana wa 68, na kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kinyume. Weka kaliper, ni sekunde tu, ile ilikuwa 68 na kikombe kikafunguka kinyume. Kuna waundaji wa Italia waliotoa chache za nyuzi za Kiingereza kwa soko la nje, kwa hivyo kipimo kimoja peke yake hakimfungi mtu, lakini ukikuta 68, ukikuta 25.4, ukikuta bomba duara mahali Master inafaa kuwa na mifereji, hakuna lingine la kujadili.

Gea ya nyuma ilikuwa Campagnolo kweli, Nuovo Record, na hapo ndipo anawashika watu, anaweka kitu kimoja halisi ndio macho yako yakae hapo. Hizo gea nyingi zimepigwa mhuri wa Patent na tarakimu mbili za mwaka. Yake ilikuwa ya 74, na yeye alikuwa anasema baiskeli ni ya 1985 na kila kitu ni orijino. Watu hubadilisha sehemu, hiyo ni kawaida, lakini basi usiniambie haijaguswa tangu kiwandani. Pia ile maandishi ya Campagnolo kwenye masikio ya nyuma, pale ekseli ya gurudumu inaingia, isikudanganye, Campagnolo waliuzia waundaji wa kila nchi, iko kwenye fremu za Uingereza, za Japani, za Ubelgiji. Na jina Bianchi peke yake nalo halitoshi, miaka ya themanini kuna Bianchi zilizotengenezewa Japani, na ni baiskeli nzuri sana, ila muuzaji akwambie ukweli na bei ifuate ukweli.

Fremu ya pili ndiyo ilinifanya niandike. Hii aliiuza kama De Rosa ya Columbus SLX. SLX iko na vijistari vilivyoinuka ndani ya bomba, vinazunguka kama nyuzi za skrubu karibu na ncha, na BB ikitolewa unaweza kumulika na tochi ya simu ukaviona pale mabomba yanapoingilia. Tulimulika, ndani ni laini kabisa. Sawa, hiyo ni pesa tu. Lakini mwenye fremu alikuwa amesema rangi inapasuka kidogo mbele, pale chini ya kichwa cha fremu ambapo bomba la chini linashikana, nikachukua sumaku ndogo ile ya mlango wa friji nikaipitisha. Inashika, inashika, ikifika hapo inaanguka. Sumaku haishiki pati. Tukakwangua rangi tukapata pati nene ile mafundi wa bodi hutumia kwa magari, na chini yake bomba limepasuka karibu nusu ya mzunguko, mtu amelipiga weldi ya haraka haraka alafu akafunika. Na huyu ndugu alikuwa anajipanga kushuka nayo Mai Mahiu Jumapili. Mnaijua hiyo barabara. Malori, upepo wa bonde, ukuta upande mmoja na hewa upande mwingine, na kichwa cha fremu kimeshikwa na pati. Hapo si utapeli wa stika tena, huyo mtu ataua mtu.

Na ndio maana nimekasirika hivi. Fremu ya kweli ya hao wazee wa Italia haikuwekwa weldi namna hiyo. Mabomba membamba yaliingizwa kwenye lagi, vile viungo vya chuma, yakashikanishwa na shaba au fedha kwa moto wa chini kidogo ndio chuma kisipoteze nguvu, alafu mtu akakaa na tupa akinyoa kingo za lagi mpaka ziwe nyembamba kama karatasi. Ukiangalia karibu unaiona kazi ya mkono. Hapa Nairobi tunao watu wanaozitafuta, wanaweka akiba, wanabadilishana vipuri, wanafundishana, na huyu jamaa analisha hao hao watu takataka.

Ukitaka kununua, iwe kwake au kwa mwingine yeyote, kutana mchana, kwa karakana ya fundi wako, sitiposti itolewe, sumaku ipite kwenye kila kiungo, BB ipimwe, na pesa itoke mfukoni baada ya hapo. Muuzaji mwenye kitu halali hatakataa, wengine ata watafurahi umejua cha kuuliza. Kama tayari umetuma, usifute meseji, weka zile za M-Pesa na mazungumzo yote, piga skrinishoti ya akaunti kabla hajaibadilisha jina, alafu uende stesheni ya polisi iliyo karibu uandikishe upate namba ya OB. Wawili kati yetu wamefanya hivyo, na tukiwa wengi zaidi ni rahisi kesi kusukumwa. Namba zake za simu sitaziweka hapa, lakini ukiniandikia nitakwambia kama ile uliyonayo ni mojawapo.

Jana usiku ameweka tangazo jipya, De Rosa ya bluu, 70,000, "haina hata mkwaruzo". Safari hii amepiga picha mwenyewe. Angalieni bomba la juu upande wa kushoto, kuna mbonyeo mdogo nusu ya njia, na mbonyeo huohuo ulikuwa kwenye Cinelli nyekundu aliyotangaza mwezi uliopita. Kaliper na sumaku ninazo, na niko Ngara siku nyingi, kama kuna mtu anaifikiria hiyo bluu anishtue kwanza nikuje tuipime pamoja.